Jasho la Wifi Sabhagi

Kaka yangu Wasayo alipooa, bibi harusi aliletwa kwetu kutoka upande wa maziwa, mwendo wa nusu siku kwa basi, amefunikwa shela jekundu mpaka kidevuni. Wanawake wa mtaa walipomfunua, waliona tabasamu, na ndani ya tabasamu hilo meno machache, mawili ya mbele yamechongoka kama ya paka. Alijua wameyaona. Hakufumba mdomo.

"Haya ndiyo niliyojaliwa," akasema. "Nyama laini naimudu. Mifupa nawaachia nyinyi."

Mama yangu, Hurmat, ambaye hakuwa mwepesi wa kucheka, siku hiyo alicheka mpaka akashika ubavu. Hivyo ndivyo Sabhagi alivyoingia nyumbani kwetu, Haidarabad ya Sindh, katika vichochoro vya watengeneza bangili. Jina lake kwa lugha yetu ni kama kusema mwenye bahati njema.

Sisi kwetu kila mtu alikula kwa bangili. Wasayo alikuwa tanurini, akivuta kioo kilichoyeyuka na kukizungusha kwenye mti mwembamba mpaka kiwe pete. Pete zile zilitoka kule zikiwa hazijafungwa, ncha zimeachana, zikaletwa majumbani, na sisi wanawake tukaziunganisha ncha kwa ncha juu ya mwali mdogo wa gesi. Kazi hiyo haitaki feni. Upepo ukiugusa mwali, kioo kinapinda na bangili imeharibika. Kwa hiyo mwezi wa Mei, wakati mbwa wa mtaani wanalala ndani ya mitaro, sisi tulifunga madirisha na kukaa mbele ya moto.

Kiangazi chake cha kwanza Sabhagi alikaa karibu yangu kwenye benchi. Sisi wengine tulilowa kama tumetoka mtoni. Yeye, kamizi yake, lile shati refu la kike, ililowa bega la kulia, ikawa kavu upande wa kushoto, ikalowa tena utepe mmoja ulioshuka mgongoni na kupinda kuelekea kiunoni.

"Wifi," nikamwambia, "nani amekumwagia maji akaishiwa katikati?"

"Ndivyo nilivyo, Janat. Natoka jasho vipande vipande."

"Na hivyo vipande vingine vinafanya nini?"

"Vinaungua tu." Akachovya kitambaa kwenye ndoo, akakitandika bega la kushoto bila kuacha kazi. "Mimi nina nafuu. Baba yangu hana hata tone."

Ndipo akanisimulia habari za baba yake, Mzee Jurial. Mtu asiye na meno tangu kuzaliwa, nywele zake za kuhesabika, watoto wa kijiji wakimwita Babu tangu akiwa kijana wa kuoa. Jasho hakulijua. Jua likipanda, aliingia ziwani mpaka shingoni, na kwa kuwa haiwezekani mtu mzima akae majini bila kazi, akajifunza kuchimba mizizi ya yungiyungi kwa vidole vya miguu, kule chini kwenye tope. Alikuwa mchimbaji hodari kuliko wote, kwa sababu wenzake walitoka majini kupumzika, na yeye alipumzika kwa kubaki. Kwa mizizi hiyo alimlea Sabhagi peke yake. Mama mtu alifariki siku ya kumzaa. Hakuacha hata picha.

Mwaka uliofuata alizaliwa Mehrab, mtoto mweupe, mzuri, kichwa laini kama yai. Mama alimpaka wanja kwenye paji la uso ili jicho baya lisimdhuru, akamfunga hirizi mkononi. Majira ya baridi yalipita salama. Joto lilipoanza, homa nazo zikaanza.

Zilikuwa homa za ajabu. Asubuhi mtoto anacheka, adhuhuri anawaka, jioni upepo ukivuma amepona. Tulimpeleka kwa mganga wa sindano, akasema ni malaria. Tukampeleka kwa mwingine, akasema ni matumbo. Mama alimpeleka kwa shehe, akapuliziwa maji. Na kila homa ilipopanda, Mama alimfunika blanketi, kwa maana kwetu homa hutolewa kwa jasho: unamfunika mgonjwa mpaka alowe, halafu imekwisha.

Ila Mehrab hakulowa. Sabhagi alikuwa akiingiza mkono chini ya blanketi, anapapasa, anautoa mkavu. Meno nayo hayakuja. Watoto wa rika lake walishaanza kutafuna mkate.

Siku moja akasema, "Mama, mtoto huyu ni baba yangu."

"Usinitukanie mjukuu," Mama akamjibu. "Baba yako ni mzee mwenye kipara. Huyu ni mtoto mwenye homa."

"Nipe nimtie majini."

"Mtoto ana homa unataka kumtia maji ya baridi? Unataka kumuua?"

Wasayo alikuwa mtu wa kukwepa ugomvi wa wanawake. Akachukua taulo lake akarudi tanurini.

Halafu ikaja ile siku. Umeme ulikatika tangu asubuhi, hewa imesimama, hata kunguru wameacha kulia. Mehrab alikuwa amefunikwa, Mama anamsomea dua. Ghafla mtoto akakaza mwili, macho yakapinduka, akaanza kutetemeka. Mama akapiga kelele. Sabhagi aliruka kutoka kwenye benchi, bangili zikamwagika na kuvunjika, akamnyakua mtoto na blanketi lake. Blanketi akalitupa. Mtungi mkubwa wa maji ya kunywa ulikuwa kivulini. Akamzamisha humo mpaka kidevuni, akamshika kichwa.

"Mwanamke, mtoe!" Mama alilia. "Janat, mzuie!"

"Niacheni," Sabhagi akasema. Hakupaza sauti. "Nimemtia baba yangu majini tangu nina akili. Niacheni."

Sikumzuia. Mama naye alikaa chini pale pale kwenye vumbi, amejishika kichwa. Degedege likapungua, likaacha. Rangi ya uso ikarudi. Kitambo kidogo baadaye Mehrab alifungua macho, akaona yumo ndani ya maji, akayapiga kwa kiganja. Yakamrukia Mama usoni.

Mama alifuta uso. Alinyanyuka, akavaa shela la kutokea. "Twendeni hospitali kubwa," akasema. "Leo nataka mtu aniambie hiki ni nini."

Daktari wa zamu alikuwa kijana, mpole, akatuwekea dripu na kuandika vipimo vya damu. Lakini alipomfungua mtoto mdomo, alitazama zile fizi tupu, kisha akamtazama Sabhagi aliyekuwa akitabasamu kwa wasiwasi. Akaenda kumwita mkubwa wake.

Daktari Mehtab alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kwenye mnyororo. Alimpapasa Mehrab kichwa, ngozi, kucha. Halafu akamgeukia wifi yangu.

"Dada, wewe unatoka jasho?"

"Nusu," Sabhagi akajibu.

Daktari akavaa miwani. "Nusu vipi?"

Kesho yake walituita kwenye chumba kidogo kisicho na feni, wanawake peke yetu: daktari, nesi, Sabhagi, Mama na mimi. Sabhagi alivua kamizi akakaa kwenye kiti amewapa mgongo. Nesi akampaka dawa ya kahawia ya iodini, mgongo mzima kuanzia shingoni, akaiacha ikauke, kisha akampulizia unga mweupe wa wanga. Wakaleta jiko la umeme wakaliweka karibu yake.

"Popote jasho litakapotoka," daktari akasema, "unga utageuka mweusi. Tungoje."

Tulingoja tukijipepea na madaftari ya nesi. Vikaanza vidoadoa, kama nzi wametua bega la kulia. Vikaungana. Michirizi ikashuka kutoka pande mbili za uti wa mgongo, ikapinda kama maji yanayotafuta njia kwenye mchanga, ikazunguka ubavuni. Kati ya michirizi myeusi ilibaki mingine myeupe kabisa, unga haujaguswa. Sijawahi kuona kitu kama kile kwenye mwili wa mtu. Mgongo ule niliusugua hamamuni mara nyingi, nikadhani naujua.

"Nani amemchora?" Mama aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna aliyemchora, mama. Amezaliwa hivyo. Kaa nikueleze." Daktari akavuta kiti. "Kila mtu ana maagizo ya kuujenga mwili wake, ndani ya kila seli. Maagizo hayo yamefungwa kwenye vifurushi, tunaviita kromosomu. Kifurushi kimoja kinaitwa X. Mwanamke ana X mbili, moja ya mama yake, moja ya baba yake. Mwanamume anayo moja tu, ya mama. Kutoka kwa baba anapata kingine kidogo."

"Moja tu?" Mama akasema. "Basi sasa nimeelewa mambo mengi."

Nesi alicheka mpaka akageukia ukutani. Daktari mwenyewe aliuma mdomo.

"Sasa, mama, X mbili zikitoa amri pamoja, kazi inakuwa maradufu na mwili hauwezi. Kama wanawake wawili wanaoamuru jiko moja."

"Mama mkwe na mke wa mwana."

"Ndiyo hao. Lazima mmoja anyamaze."

"Na anayenyamaza ni yupi?" Mama alimtupia Sabhagi jicho la pembeni. "Hapo tuelezane vizuri."

"Ndiyo ajabu yenyewe. Huyu Sabhagi alipokuwa tumboni, kijidonge kidogo kuliko mbegu ya haradali, kila seli iliamua kivyake. Hii ikazima X ya baba. Jirani yake ikazima ya mama. Hakuna aliyezipangia."

"Inazimwaje?" mimi nikauliza. "Kuna mkono gani humo ndani?"

Daktari alifurahi kuulizwa, nilimwona. "Swichi imo ndani ya X yenyewe. Kuna jeni moja. Jeni nyingi zinatoa agizo la kujenga kitu fulani cha mwili. Hii haijengi kitu. Inatoa nyuzi tu, nyingi mno, na hizo nyuzi zinaifunika X ileile iliyozitoa, kutoka ncha hadi ncha, kisha zinaita wasaidizi wengine waje kuikunja na kuifunga. Maagizo yake yote bado yamo, ila karibu yote hayasomwi tena. Kwenye X ya pili jeni hiyo inanyamaza, kwa hiyo yenyewe inabaki wazi, inafanya kazi."

"Kwa hiyo inajivika shela," Mama akasema.

"Inajivika shela, mama. Na haivui. Seli ikigawanyika, watoto wake wanakumbuka ipi imefunikwa, na wajukuu wanakumbuka, ukoo mzima. Mchirizi huu mweusi ni ukoo mmoja uliotawanyika pamoja wakati mgongo unajengwa. Huu mweupe ni ukoo mwingine."

Sabhagi alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Sasa akasema bila kugeuka, "Baba yangu yuko wapi hapo?"

"Penye weupe. X aliyokupa ina kosa kwenye jeni moja, ile inayosaidia kujenga meno, nywele na tezi za jasho. Mahali ilipobaki wazi, tezi hazikujengwa."

"Na penye weusi?"

"Hapo ya baba imefunikwa, na X ya mama yako ndiyo inayofanya kazi. Yeye alikuwa mzima. Jasho lako lote, dada, linatoka upande wake."

Mabega ya Sabhagi yakaanza kutikisika. Daktari akadhani amemwumiza. Akaanza kumwambia kwamba si kosa lake, hakuchagua, kwamba mtoto wa kiume ana X moja na Mehrab aliangukiwa na ile ya babu, ingeweza kuwa nyingine.

"Silii kwa hilo," Sabhagi akasema. "Mama yangu sijawahi kumwona. Hata picha. Nilikuwa nauliza watu wa kijijini nimefanana naye wapi, hakuna anayejua, wote wanasema, wewe ni Jurial mtupu." Akafuta uso kwa kiganja. "Naweza kuona?"

Nesi akaleta kioo kimoja, nami nikachomoa kingine ukutani. Tulihangaika kuvielekeza. Mama akaja akanipokonya kile changu. Akakishika imara, akakiinua, akakiinamisha mpaka Sabhagi akaona.

"Tazama, mwanangu," Mama akamwambia. "Mama yako ameshika sehemu kubwa. Ona bega hili lote. Ona hapa kiunoni. Alikuwa mwanamke wa nguvu."

Ilikuwa mara ya kwanza mimi kumsikia akimwita mwanangu. Sabhagi alitazama kwa muda mrefu, akigeuza shingo huku na huku. Nilipochukua kitambaa kumfuta, alinishika mkono. "Polepole, wifi. Kwanza huku kwenye weupe."

Tulirudi nyumbani na maelekezo machache tu, na hakuna lililohitaji duka la dawa. Mtoto alowe maji kila joto linapopanda. Asifunikwe akiwa na homa. Alale penye feni. Asikaribie tanuri, si leo, si akiwa mkubwa. Meno atatengenezewa ya bandia.

Wasayo alisikiliza yote, akauliza moja. "Kwa hiyo tanurini hatakuja?"

"Hatakuja," Sabhagi akasema.

Kaka yangu alikuwa amemngojea mtoto huyo amrithishe mti wake wa kuvutia kioo. Alitoka nje, nikadhani amekasirika. Ijumaa hiyo alirudi na rafiki zake na mifuko ya saruji, wakajenga birika la maji uani, chini ya dirisha la benchi letu, la kutosha mtoto kukaa na mtu mzima kukunja miguu. Na Mama akatoa amri mpya: bangili zitaunganishwa alfajiri, kabla ya jua, na adhuhuri mwali unazimwa, feni inawashwa. Majirani walinung'unika kwamba nyumba ya Hurmat imekuwa ya wavivu. Kufika Julai nao walikuwa wameanza kuzima.

Mzee Jurial alikuja kumtazama mjukuu. Nilikuwa sijawahi kumwona. Alishuka kwenye basi amejifunga ajraki, shuka la nakshi la kwetu, iliyolowa chapachapa, maji yanamdondoka miguuni kana kwamba amepanda basi kutoka ndani ya ziwa, na kweli karibu ndivyo ilivyokuwa, kila kituo alishuka kujimwagia. Mehrab alikuwa birikani. Wakatazamana. Yule mzee akafungua mdomo, fizi tupu, akacheka. Yule mtoto akafungua wake, fizi tupu, akacheka. Tulisimama uani watu wazima wote tunatazama vinywa viwili, na hakuna aliyeweza kusema neno kwa kucheka.

"Basi, kijana," Mzee Jurial akamwambia, akiingiza miguu birikani. "Tuko wawili. Nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu."

Jioni Sabhagi alimkalisha baba yake akamweleza habari za mgongo. Mzee alimsikiliza huku akilainisha mkate ndani ya mchuzi. Mwisho akasema, "Yeye mama yako, tulipolima mpunga, jasho lilikuwa linamdondoka puani. Nilikuwa namwonea wivu." Akala kidogo. "Namshukuru hakukuacha mikono mitupu."

Mehrab alipoanza shule, palikuwa na mwalimu aliyemtoa darasani kwa sababu ya shati lililolowa, akiita utovu wa adabu. Mama alikwenda mwenyewe. Alimkuta mwalimu ubaoni, makwapa yote mawili yamelowa.

"Mwalimu, shati lako limelowa."

"Ni joto, mama."

"Wewe umeloweshwa na Mungu bure. Huyu tunamlowesha sisi, kwa mkono. Tofauti iko wapi?"

Mehrab akarudishwa, akawekewa ndoo yake nyuma ya mlango. Baadaye mwalimu yuleyule ndiye aliyekuwa akimkumbusha: we Mehrab, nenda kajimwagie, uso umekuwa mwekundu.

Sasa ni mtu mzima, anafanya kazi kwenye kiwanda cha barafu. Wenzake wanavaa sweta na kulalamika, yeye anaingia na shati jepesi. Meno yake ya bandia ni mazuri kuliko ya kwetu sote. Alipochumbia, Sabhagi hakuficha kitu kwa wazazi wa msichana. Aliwaambia kama daktari alivyomwambia: wana wa kiume wa Mehrab watakuwa salama, maana hawachukui X yake, mabinti wake wote wataichukua, watakuwa kama yeye Sabhagi, na watoto wa mabinti hao wanaweza kuangukiwa nayo. Mama wa msichana aliuliza, "Kama wewe ndiyo vipi?" Sabhagi akamwonyesha meno yake mawili. "Hivi. Na nimeishi vizuri." Ndoa ikafungwa majira ya baridi.

Mama alifariki kiangazi cha mwaka jana. Mwili wake ulikuwa umechoka, joto linamtesa, na yule aliyewahi kuogopa maji alikuwa sasa akidai maji kila saa. Mehrab alimletea barafu kutoka kiwandani, Sabhagi akaisaga ndani ya kitambaa na kumkanda viganja, nyayo, paji la uso.

"Mimi nilikuwa namfunika blanketi," Mama alisema mchana mmoja. Macho yalikuwa yamefumba. "Yule mtoto. Ningemmaliza."

"Ulikuwa unampenda, Mama."

"Nilimpenda kwa ujinga. Wewe hukunirudishia neno hata moja. Miaka yote hii."

"Ulinishikia kioo," Sabhagi akamjibu.

Mama alikuwa ameagiza kwamba akiondoka, aoshwe na mke wa mwanawe, mimi binti nimwagie maji tu. Ndivyo tulivyofanya. Chumba kilikuwa kimefungwa, hakuna upepo, na Sabhagi alikuwa ameinama akimwosha mikono taratibu, kidole kwa kidole, bega lake la kulia limelowa jasho mpaka kiwikoni. Nilichota maji ya akiba, nikamlowesha wifi yangu la kushoto.